Tembo la Mgema Asiyeonja

Nikifika mji mgeni sitafuti gesti kwanza, natafuta wanaponywea tembo. Gesti hata ikiwa na kunguni utaamka asubuhi. Pombe ikiwa mbaya huenda usiamke, au ukaamka huoni, kama nilivyoamka mimi.

Jicho la kushoto ndilo lililobaki, nalo si zima. Naona mlango, naona kuwa huyu ni mtu, sura yake naipata akisogea. Plasta bado napiga, kwa sababu ukuta unajulikana na mkono kuliko jicho. Haya ninayoandika nayaandika karatasi ikiwa inakaribia kunigusa pua. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayeucheka mwandiko na aucheke.

Walionifanyia hivi nawataja. Majina siandiki. Polisi niliwapa majina yote na hayakusaidia kitu, sasa yatasaidia nini humu. Lakini kazi zao na mahali pao nitasema. Wa kwanza ni mama mwenye kilabu cha gongo nyuma ya soko la mitumba, katika mji wa bara nilikokuwa nafanya kazi kabla ya kuja huku. Wa pili ni fundi samani jirani yake, aliyekuwa anamuuzia ile spiriti ya kuchanganyia vanishi ili pombe iwe kali haraka. Wa tatu ni mtendaji wa mtaa. Huyu chupa yake ilikuwa inawekwa pembeni kila Ijumaa, imechotwa kwenye dumu la peke yake. Wengine wanasema mtendaji hakujua. Kama hakujua, kwa nini chupa yake ikae pembeni?

Siku ile tulikuwa wawili, mimi na fundi mwenzangu ambaye tulijenga pamoja miaka kumi na moja. Yule mama alikuwa na kawaida ya kuonja mbele ya mteja, anapiga funda moja, anafuta mdomo, anakupa. Siku ile hakuonja. Mwenzangu akamtania, "Vipi mama, leo umeokoka?" Akajibu, "Leo nimemeza dawa, mwanangu." Basi mwenzangu, mtu wa huruma, akaanza kumpa nasaha kwamba ni kweli dawa na pombe havichanganywi. Alikuwa anamshauri huku anakunywa. Alikufa siku ya pili kabla ya adhuhuri, anauliza nani amezima taa, na dirisha liko wazi na jua limejaa chumbani.

Tangu hapo nina sharti moja. Anayeuza aonje kwanza, mbele yangu, kutoka chombo hicho hicho. Asipoonja siweki mdomo.

Utasema, si uache tu. Daktari alisema hivyo. Dada yangu alisema hivyo akilia. Nimeacha mara tatu. Lakini mimi ni mtu wa kuhama na kazi, leo hapa, mwezi ujao kwingine, na mgeni anayekaa na soda yake peke yake hakuna anayemuuliza umetoka wapi. Kwenye tembo wanakuuliza. Wanakuuliza hata usiyotaka kuulizwa. Bia ya chupa inanifunga tumbo, na gongo tangu siku ile nikisikia harufu yake natoka nje. Limebaki tembo.

Mafia nilikuja kupiga plasta matangi ya maji ya mvua. Nilianzia Jibondo, kisiwa kidogo cha mawe matupu, wenyewe mafundi wa vyombo na wavuvi. Siku ya kwanza nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa anapigilia ubao kama kuna tembo. Akasimamisha nyundo. "Sisi hapa maji yenyewe tumekua tukiletewa kwa mashua, wewe unaulizia tembo? Mnazi uko wapi, fundi? Nionyeshe mnazi." Wenzake wakacheka mpaka kazi ikasimama. Nikarudi nikamaliza tangi.

Kazi iliyofuata ilikuwa Kilindoni, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane, mtu wa swala tano na tasbihi mkononi. Hapo minazi imejaa kila upande, nikasema sasa hapa sitakosa.

Pa kwanza nilipopata ni karibu na bandari, kwa dada mmoja mwenye redio kubwa. Tembo lake jeupe kama maji ya kuloweka sabuni. Nikamwambia, "Onja kwanza, dada."

Akaniangalia. "Nikionja kikombe cha kila mteja, saa nne nitakuwa nimelala hapo chini na wewe."

"Kwani nani kasema mimi nitalala?"

"Macho yako ndiyo yanasema."

Watu wakaangua kicheko. Lakini alionja, akapiga funda kubwa kwa makusudi na kunitolea ulimi. Sina neno naye. Tatizo likawa tembo lenyewe. Lilikuwa linanuka hamira, na utamu wake ni wa sukari ya dukani, ule unaobaki kwenye meno. Halikunidhuru isipokuwa tumbo.

Pa pili palikuwa upande wa uwanja wa ndege, kwa jamaa mmoja aliyejifanya mjuzi. Yeye alionja bila kuombwa, nikafurahi. Kumbe anachanganya la jana na la juzi, halafu juu anamiminia la leo kidogo ili povu lipande. Tembo la leo lina dalili zake. Linashuka mnazini na nyuki wake, wengine wamekufa, wengine bado wanapiga mbawa, na sisimizi. Povu lake ni dogo dogo, linasikika ukisogeza sikio. Ukilionja mwanzo ni kama maji ya dafu yaliyotiwa asali kidogo, halafu baada ya muda, ukishasahau, linakukwaruza pembeni mwa ulimi. Kooni haliunguzi. Linalounguza kooni lina jambo. Kwa yule jamaa sikuona nyuki hata mmoja. Nikamuuliza nyuki wako wapi. Akasema, "Nimewachuja kwa ajili ya wageni kama wewe." Nikaondoka.

Ramadhani ikaingia, vilabu vikafungwa, nami nikakaa bila kunywa. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza.

Alasiri moja nimerudi kazini napita jikoni kwa bibi, nikasikia harufu. Si ya hamira. Ni tembo la leo, zuri, lenyewe hasa. Nikasimama. Nikasema moyoni, huyu bibi na tasbihi yake, na Ramadhani hii! Nikapita. Siku ya pili harufu ni ile ile. Siku ya tatu nikashindwa.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, fundi."

"Bibi, na mimi nina kiu."

"Maji yapo mtungini. Mimi nimefunga, wewe kunywa."

"Si ya maji, bibi. Ya hicho ulichofunika na sahani."

Alinitazama muda, halafu akanielewa. "Astaghfirullah! Hiki cha mkate, mwanaharamu mkubwa wewe!" Akafunua sahani kunionyesha unga wa mchele umeumuka, umejaa vitundu. Kwao mkate wa kumimina hauumuliwi kwa hamira ya kopo, unaumuliwa kwa tembo tamu, lile la alfajiri ambalo bado halijawa pombe. Akanicheka mpaka akashika kiuno. Futari ile akamsimulia kila jirani aliyepita, kwamba mpangaji wake alidhani yeye mlevi.

Nikamwomba anipeleke kwa anayemuuzia. Akasema, "Mgema wangu hauzi pombe. Anauza tamu asubuhi tu. Ikifika adhuhuri lililobaki anamimina kwenye mtungi wa siki. Wewe ukilinunua asubuhi ukakaa nalo mpaka jioni likageuka, hilo ni lako na Mungu wako." Akasema ningoje Idi ipite.

Idi ikapita. Jumatatu yake, kabla jua halijakolea, tukatembea, yeye mbele na chupa yake, mimi nyuma na yangu, mpaka kwenye shamba la minazi njia ya Kirongwe. Tukakuta wanawake watatu wamekaa chini na chupa zao, wote wa mikate. Mgema alikuwa juu ya mnazi. Akashuka polepole, kisu chake cha kotama kiunoni, kibuyu mgongoni, mzee mwembamba mwenye kofia ya kiua. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba vizuri. Akamimina kwenye dumu. Nikainama kwa jicho langu hili. Nyuki wanne, sisimizi hawahesabiki. Harufu ikanipanda kichwani.

Nikasema, "Mzee, kwanza onja."

Akasema, "Nafunga sita."

Mimi nikasikia anataka kunifungia chupa sita. Nikaona, ahaa, huyu naye ndio wale wale, unamwomba aonje, anakimbilia biashara. Nikamwambia, "Nani kakwambia nataka sita? Mimi nataka moja. Na uonje."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akaanza kucheka chini chini.

"Nafunga sita, bwana," akarudia mzee, taratibu, kama anazungumza na mtoto.

"Hata ukifunga kumi! Chupa ninayo moja hii, hizo tano nitatia wapi, mfukoni?"

Hapo wakacheka wote, na bibi yangu ndiye wa kwanza. "Amefunga saumu, fundi! Zile siku sita baada ya Idi!"

Mimi sikuwa nazijua hizo siku sita. Nilichojua ni kwamba Ramadhani imekwisha, Idi tumekula juzi, pilau lake bado naliota, na huyu mtu ananiambia amefunga. Nikasikia sauti ya yule mama. Leo nimemeza dawa, mwanangu. Sauti ile ile ya upole. Na hawa nao wanacheka kama mwenzangu alivyokuwa anacheka.

Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilisema muuaji. Nilisema kila mwenye sumu ana sababu yake ya kutoonja, mmoja dawa, mwingine saumu. Niliwaambia wale wanawake wachunge wajukuu zao na mikate hiyo. Nikavuta kope la jicho la kulia kwa kidole, nikamsogelea mmoja nikamwambia tazama, tazama vizuri, hiki ndicho kilichomo humo.

Hakuna aliyecheka tena. Mzee alisimama na kibuyu chake. Mwanamke niliyemsogelea alikuwa ameshajaziwa chupa. Akaitazama, akaimimina tena kwenye dumu, taratibu, akaondoka. Wa pili akamfuata na chupa tupu. Bibi yangu akaninyang'anya chupa yangu, akamwachia mgema pale chini, akanishika mkono akanirudisha nyumbani kama mgonjwa.

Siku ile nilifanya kazi vibaya, plasta ikadondoka. Nilikuwa najiuliza vitu viwili. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, nimefanya nini? Kwenye mji wa watu wengi ukimwita mtu muuaji, maneno yanapotea na kelele. Hapa maneno hufika nyumbani kabla yako.

Jioni, waliofunga wameshafuturu, mgema akaja barazani kwa bibi. Amekuja na chupa yangu, imejaa. Akaiweka mbele yangu. Tembo lilikuwa limeshageuka, povu linasukuma kizibo.

"Chupa yako," akasema.

Nikamwambia, nami kwa shida, "Sasa umefuturu, mzee. Onja basi, yaishe."

Akatikisa kichwa. "Hiyo sasa ni pombe. Asubuhi ilikuwa tamu, ningeonja, lakini nimefunga. Jioni nimefungua, yenyewe imekuwa kali, haramu kwangu. Hebu niambie, fundi, utanionjesha saa ngapi?"

Bibi akaziba mdomo kwa khanga, mabega yanamcheza. Mzee mwenyewe hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa baraza akasema, akiwa anatazama njia, "Wale wawili mikate yao ya leo wameumua kwa hamira. Nimepita nikasikia harufu. Mama yao nilimuuzia mimi tembo. Bibi yao aliuziwa na baba yangu."

Pole niliitafuta mdomoni sikuiona.

"Sita zangu nazimaliza Ijumaa," akasema. "Jumamosi njoo. Na wao nitawaita." Akaondoka.

Chupa ile niliitazama mpaka nikachoka kuitazama. Asubuhi nikaimwaga kwenye shina la mpapai. Siku zilizobaki nilikwenda kazini nikarudi, nikala nilichopewa. Bibi alinijibu salamu, basi. Nilikuwa nimechoka, si uchovu wa kazi. Nilichoka kuwa mtu wa kuonjewa. Kila mji ninaofika nabeba yule mama na kilabu chake, namkalisha mbele ya kila muuzaji. Yeye huko aliko halali njaa. Fundi mmoja wa umeme tuliyekutana kwenye boti aliniambia kilabu kimeezekwa upya, na mtendaji yule amepelekwa wilaya nyingine kwa cheo kikubwa zaidi. Fundi samani ndiye peke yake aliyelala mahabusu, siku mbili.

Jumamosi tukaenda. Wanawake wote watatu walikuwepo, na jirani zao wawili waliokuja kutazama tu. Mgema akashuka na kibuyu. Hakumimina kwenye dumu kwanza, alichukua kifuu akakijaza mpaka juu. Akawapuliza nyuki upande. Akanywa. Akakijaza tena, akanywa tena mpaka mwisho, koo linapanda na kushuka, akageuza kifuu chini halikudondoka tone.

"Mmeona?"

"Tumeona, babu," wakaitikia. Yule niliyemvutia kope akasema, "Kwani nani alitaka kuona? Haya, nijazie, unga unaningoja."

Akamjazia, na wenzake wawili, na bibi yangu. Mimi niliweka chupa yangu mwisho wa mstari. Alipoifikia akaipita, akaanza kufunika dumu.

"Mzee, na mimi."

"Wewe hukuja kununua tembo, fundi. Ulikuja kukamata mtu. Umeshaona si mimi. Rudi ukamkamate mwenyewe."

"Mwenyewe anauza mpaka leo," nikamwambia. "Nikienda nitapanga foleni na wateja wake."

"Hujamshitaki?"

"Nilishitaki. Nilitaja wote watatu. Waliandika, wakaniambia nitaitwa."

Akasimama na kifuniko mkononi. Ndipo mwanamke mmoja, wa wale waliokuja kutazama, akasema bila hata kushusha sauti, "Mpe tu, babu. Macho yenyewe ndiyo yale." Afadhali angenitukana. Nilikwisha inama kuchukua chupa yangu niondoke.

Mgema akaiwahi. Akajaza, akaishia katikati.

"Nusu," akasema. "Kesho ukiamka unaona, njoo uchukue nusu nyingine."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu ningefanya nini.

Nililinywa jioni barazani, lilipogeuka. Nyuki mmoja alikuwemo. Nasema kweli, sijapata kunywa tembo kama lile, na sikulifurahia hata kidogo. Kila funda nilikuwa nalisikilizia jichoni. Nilimaliza nusu yote, maana nisingemaliza ningekuwa nimemwita muuaji mara ya pili, safari hii kimya kimya. Nikaenda kulala mapema.

Asubuhi nikazinduka kabla ya kufungua jicho. Nikasikia jogoo, nikasikia ufagio wa bibi uani. Mwenzangu naye alisikia vitu hivyo vyote asubuhi ile. Nikabaki nimelala chali, jicho nimelifumba kwa nguvu mpaka likauma. Jua lilikuwa limeshatoka, nililisikia joto lake mkononi.

Mlango ukagongwa.

"Fundi! Unaona?"

"Sijafungua, bibi."

"Sasa unangoja nini? Fungua, mimi nataka kwenda na chupa yangu, unga umeshatwangwa."

Nikafungua. Mabati, wekundu wa kutu, kivuli cha msumari labda. Weupe kwenye kona, huenda utando wa buibui, siku zote sijawahi kuuona.

"Haya?" akasema bibi mlangoni.

"Ningoje," nikamwambia, "natafuta viatu."